Picha Iliyonadiwa Siku ya Mavuno

Kitu cha kwanza alichokiona Elisifa ni fundo.

Lilikuwa fundo la kitenge cha njano, limekazwa mara mbili, na ncha zake zimechomekwa ndani ili zisining'inie. Katika usharika mzima hapakuwa na mtu mwingine aliyefunga vitu namna ile. Kitenge kilikuwa kimezungushwa kwenye kitu kipana na chembamba, na kitu hicho kilikuwa kimeegemezwa kwenye ngazi ya madhabahu, katikati ya mikungu ya ndizi, madebe ya maharage na jogoo mmoja aliyefungwa miguu, anayemkatiza mchungaji kila anapoanza kuomba.

Moyo wa Elisifa uliruka. Picha yake!

Jana jioni tu aliigusa kwa vidole vyake, nyuma ya magunia ya mahindi stoo, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa na shughuli napo. Sasa ilikuwa mbele ya kanisa zima la Marangu.

"Mama," alinong'ona. "Lile lililofungwa kitenge umelitoa wapi?"

"Stoo," mama yake alijibu bila kugeuza shingo. "Nyuma ya magunia. Si ubao wa neno la mavuno? Umoja wa wanawake tuliagiza kwa fundi. Nikajua Mama Mchungaji ameuleta jana nikiwa shamba, na wewe ukauweka bila kusema, kama kawaida yako."

"Mama, ule si ubao."

"Ni nini sasa?"

Mchungaji alikuwa ameinua mikono juu ya mavuno yote, ndizi, maharage, jogoo na picha, akiviweka wakfu. Kanisa likaitikia amina. Basi ndiyo ilikuwa imekwisha. Kilichoombewa pale mbele ni cha Bwana, hata kama kimefika kwa bahati mbaya. Hakirudi nyumbani ila kwa njia moja: kinunuliwe mnadani, nje, mbele ya macho ya watu wote.

Na Elisifa hakuwa mtu wa mbele ya macho ya watu. Shule ya msingi yenyewe aliiacha katikati, bibi yake Eunike alipougua na nyumba ikahitaji mtu wa kumgeuza kitandani. Tangu hapo alizoea kusemewa. Aliulizwa hali, mama yake akajibu. Alisifiwa, akaangalia miguu yake.

Mtu mmoja tu alikuwa amemtoa maneno, naye hakuwa wa kanisa hili.

Filemon alikuwa kijana wa Kilema, ng'ambo ya korongo, Mkatoliki wa kubatizwa utotoni na kutumikia misa. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango ya saluni na maduka mjini Moshi. Jioni, kazi zikiisha, alipanda na pikipiki mpaka kwenye kilima kinachotazamana na kihamba, shamba la migomba na nyumba ya akina Elisifa, akaketi na turubai yake. Mara ya kwanza alipomkuta pale, Elisifa alikuwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akaogopa.

"Unatafuta nini hapa?" alimwuliza.

"Namsubiri huyo," Filemon alisema, akionyesha jua kwa brashi. "Akizama kuna rangi moja inatokea, haikai. Ukipenga kamasi tu imekwenda. Jana niliikosa."

"Ulipenga kamasi?"

"Nilikuangalia wewe ukipita."

Elisifa alicheka mpaka mzigo ukayumba. Tangu siku hiyo jioni zake hazikuwa jioni za kawaida.

Filemon alipokuja kujitambulisha, akiwa na mjomba wake na mbege safi, pombe ya ndizi, baba yake Elisifa aliwapokea kwa heshima na kuwaaga kwa heshima, ila katikati hapo palikuwa pachungu. Mzee Eliamini alikuwa mzee wa kanisa. Aliuliza maswali matatu tu.

"Unasali wapi, kijana?"

"Kilema, baba. Kwa mapadri."

"Na kazi yako?"

"Ninachora, baba."

"Unachora nini?"

"Mabango. Na mlima, baba. Jioni."

Mzee Eliamini alicheka kidogo. "Mlima! Mlima uko pale nje tangu dunia iumbwe. Nani atamlisha binti yangu kwa kuchorewa kitu ambacho kila mtu anakiona bure?"

Akanyanyuka. Mazungumzo yakaishia hapo. Filemon aliikamilisha picha yake kwa huzuni, akamkabidhi Elisifa kwenye ua wa mimea ya masale, akasema, "Itunze. Kama sitaingia mimi, angalau hii imeingia." Elisifa aliifunga kitenge, akaiweka nyuma ya magunia.

Na leo ilikuwa inatoka nje kwenda kunadiwa pamoja na jogoo!

* * *

Mnadi alikuwa Godbless mwenye bucha. Hakuna aliyemzidi kwa kuwatoa watu fedha mifukoni huku wakicheka. Alisimama juu ya benchi chini ya ukuta wa kanisa, jasho linamtiririka, jogoo kwapani.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina!"

"Jogoo huyu amehubiri leo kuliko mchungaji! Nani anamchukua?"

Alimchukua Mzee Hosea, mwongoza watalii mstaafu, mrefu kama mgomba, ambaye magoti yake yalibaki mlimani. Akalipa, kisha akapiga kelele, "Narudisha!" Watu wakashangilia, maana ndiyo raha yenyewe ya mnada wa kanisani: unanunua, unarudisha, kinanadiwa tena, kanisa linapata mara mbili. Jogoo alinunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa. Alionekana kuchoka na wokovu.

Elisifa alisimama nyuma ya wanawake, vidole vimeshikana. Alikuwa na fedha kidogo ya mayai kwenye leso. Alijiambia, nitanyanyua mkono haraka kabla hawajaifungua. Watadhani ni ubao. Nani atataka ubao?

Ndipo alipomwona Filemon. Alikuwa ametoka misa ya kwanza kwao na kusimamisha pikipiki barabarani, kama alivyofanya Jumapili nyingi, ili amwone Elisifa akipita tu. Alikuwa ameegemea ua wa kanisa, shati jeupe, viatu vina madoa ya rangi. Macho yao yalikutana. Akatabasamu. Kisha akaona kitenge cha njano mikononi mwa Godbless, tabasamu likamtoka.

"Haya wapendwa!" Godbless alikitikisa kile kifurushi. "Hiki nini? Chepesi, kipana. Nani ametoa mlango wa banda la kuku?"

Watu wakacheka. Elisifa alinyanyua mkono. Ulifika begani, ukakataa kwenda juu zaidi.

"Tufungue kwanza! Aliyefunga hapa alikuwa na siri, mbona fundo halifunguki?"

Akalitumia meno. Kitenge kikaanguka.

Kelele zilikatika zote, hata watoto. Jogoo tu ndiye aliyesema neno moja na kunyamaza.

Ilikuwa saa ile ya jioni baada ya mvua, ukungu unapoinuka kutoka korongoni kama maziwa yanayotaka kuchemka. Migomba ilikuwa mieusi, imelowa, na kila jani lilibeba mstari mwembamba wa dhahabu ukingoni. Moshi wa jikoni ulipenya kwenye paa la bati na kuinamia upande mmoja. Huko chini, tambarare za kuelekea Moshi zilikuwa zimejaa vumbi lenye nuru, huwezi kujua wapi ardhi inakoma na mbingu inaanza. Na juu ya vyote, Kibo ilikuwa imeshika rangi ile isiyokaa, wekundu wa ndani ya pera lililoiva. Chini, kwenye njia ya kuingilia kihamba, mwanamke mdogo sana alipita ameinama chini ya mzigo wa majani.

"Mae!" mama mmoja aliguta. "Si kwa Eliamini hapo?"

"Ni kwa Eliamini kabisa! Tazama lile paa lilivyopinda!"

"Hata mkahawa wa getini upo!"

Mama yake Elisifa alimgeukia binti yake polepole. "Elisifa," alisema. "Ubao wangu uko wapi?"

Elisifa alitazama viatu vyake.

"Nani anaanza?" Godbless mwenyewe alikuwa ameshusha sauti. "Wapendwa, sijui bei ya kitu hiki. Ng'ombe ninaijua. Hii siijui."

"Mimi naanza." Alikuwa Mama Theodora, mwenye nyumba ya wageni Bomang'ombe, aliyepanda kwao kwa ajili ya mavuno akiwa na kilemba kilichowaziba watu watatu nyuma yake. Alitaja kiasi ambacho kilifanya watu wapige miluzi. "Naiweka mapokezi. Mtu ameshuka kwenye basi amechoka, amejaa vumbi, aione hiyo. Hatauliza hata bei ya chumba."

"Usikimbie, Mama Theodora," Mzee Hosea alijibu, akaongeza juu yake. "Nimepandisha wageni mlima huu mpaka magoti yakaisha. Wote wanapiga picha asubuhi, wako kileleni wanatetemeka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza jioni kunakuwaje huku chini kwetu. Huyu aliyechora, aliuliza."

"Na ukiipata utairudisha kama jogoo?" mtu alimtania.

"Jogoo nimerudisha, ndizi nimerudisha. Hii nikiishika hairudi!"

Bei ikapanda. Mama Theodora akaongeza, Mzee Hosea akaongeza, watu wakagawanyika pande mbili kama kwenye mpira. Elisifa alihisi uso unawaka. Fedha zake za mayai zilikuwa zimepitwa tangu neno la kwanza. Lakini kulikuwa na kitu kingine kinamchemka kifuani, nacho hakikuwa hofu. Walikuwa wanagombania kazi ya mkono wa Filemon! Alimtazama. Filemon alikuwa ameshika ua kwa mikono miwili, macho yamemtoka, kama mtu anayeota na hataki kuamshwa.

Hapo ndipo baba yake alipoinuka kutoka benchi la wazee.

Watu walimpisha. Mzee Eliamini alitembea mpaka mbele ya picha, akavua kofia, akainama karibu sana. Aliponyanyuka, uso wake haukuwa ule ambao Elisifa aliuzoea.

"Mama," alisema.

Godbless alishuka kwenye benchi. "Mzee?"

"Huyu ni mama yangu." Aliweka kidole juu ya mwanamke yule mdogo. "Alikuwa anapanda kutoka porini na majani saa kama hii. Mimi mtoto, nimekaa mlangoni, namsubiri. Namwona anavyoinama. Nasema, nikikua mama hatabeba tena." Aligusa ule mzigo wa majani. "Nilikua. Akaendelea kubeba."

Wanawake kadhaa walivuta khanga kwenye macho.

"Sina fedha ya kushindana na Mama Theodora," Mzee Eliamini alisema. "Natoa mtamba wangu."

"Mtamba!" Mama yake Elisifa alimshika binti yake mkono. "Yule mwekundu? Anatania!"

"Yule mwekundu," alisema mzee, kana kwamba amemsikia.

Mama Theodora aliketi polepole. "Mimi nimetoka," alisema. "Siwezi kupandisha bei juu ya mama wa mtu."

Mzee Hosea alimtazama Eliamini, akainua mikono. "Aika, mbe," alimshukuru kwa Kichagga. "Ni yako."

"Mara ya kwanza!" Godbless aliruka tena juu ya benchi. "Mara ya pili! Mara ya tatu, imekwenda kwa Mzee Eliamini!"

Vigelegele vilipasuka. Mzee Eliamini aliikumbatia ile picha kwa kifua chake, kisha akageukia watu. "Nani ameichora? Hapa hakuna jina. Aliyemchora mama yangu hivi, nasema mbele za Mungu na mbele yenu, nyumba yangu iko wazi kwake. Aje anywe, ale, aombe atakacho. Ni nani?"

Watu walitazamana. Hakuna aliyejua.

Filemon alikuwa anajua. Elisifa alimwona akiachia ua, akarudi nyuma hatua moja. Akatikisa kichwa, taratibu, akimtazama yeye peke yake. Usiseme. Mwache mzee na mama yake.

Na ingekuwa rahisi! Picha ingerudi nyumbani kwa heshima, ingetundikwa sebuleni. Angeifuta vumbi kila asubuhi. Filemon angebaki upande ule wa korongo, na yeye upande huu, na angekuwa anatazama rangi ile ukutani mpaka atakapoozwa kwa mtu wa kwaya.

Miguu ilimpeleka kabla hajaiambia. Wanawake walimpisha kwa mshangao, Elisifa yule? Alisimama mbele ya baba yake.

"Baba," alisema. "Yule si bibi."

"Unasemaje?"

"Bibi Eunike hakuwahi kuvaa mabuti. Tazama miguu."

Mzee Eliamini aliishusha picha, akaisogeza usoni. Chini ya mzigo wa majani, miguu ya yule mwanamke mdogo ilikuwa ya kijani. Mabuti ya mvua ya kijani, ambayo yeye mwenyewe aliyanunua sokoni Bomang'ombe mwaka jana, akalalamika njia nzima kuwa ni ghali.

"Ni mimi, baba," Elisifa alisema. "Ninapita hapo kila jioni. Wewe unakuwa umekaa mlangoni."

Baba yake aliinua macho. Alimtazama, akaitazama picha, akamtazama tena, kama mtu anayelinganisha vitu viwili alivyokuwa navyo siku zote bila kujua vinafanana.

"Na aliyenichora ni Filemon. Wa Kilema."

Minong'ono ilienea kama moto kwenye nyasi. "Yule Mkatoliki?" "Yule wa mabango?" Vichwa vikageuka barabarani. Filemon alikuwa amesimama hapo, mikono imening'inia, hana pa kuificha.

Uso wa Mzee Eliamini ulikaza. "Kwa hiyo mmeileta hapa kunitega? Mbele ya kanisa?"

"Nimeileta mimi!" mama yake Elisifa alipaza sauti kutoka nyuma, akisukumana kuja mbele. "Nilidhani ni ubao wa neno, baba Elisifa! Kama kuna mtego, basi mtegaji ni Roho Mtakatifu, maana mimi hata sikuchungulia!"

Kicheko kililipuka, hata mchungaji akafunika mdomo. Mzee Eliamini hakucheka. Lakini hakuiachia picha.

"Mzee," Godbless alisema kwa upole, "unaweza kuirudisha. Mnada unaruhusu. Tutainadi tena, mtamba wako abaki zizini."

Kila mtu alingoja. Mama Theodora alianza kunyanyuka, matumaini yamerudi chini ya kilemba chake.

"Kaa chini, Mama Theodora," alisema Mzee Eliamini. "Hairudi."

Kisha akaita kuelekea barabarani, kwa sauti yake kali ya siku zote. "Wewe kijana! Unasimama kwenye vumbi kama mgeni wa nani? Ingia."

Filemon aliingia. Alipita katikati ya watu, kichwa ameinamisha, mpaka akafika. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee Eliamini alimkagua kuanzia viatu vyenye madoa mpaka usoni. "Rangi ya mlima umeipataje?"

"Nimeikosa mara nyingi, baba. Hiyo niliipata mara moja."

"Hm. Bado unasali kwa mapadri?"

"Bado, baba."

"Tutagombana kuhusu hilo," alisema mzee. "Tutagombana sana, na mjomba wako aje na mbege ya kutosha, maana hatutamaliza siku moja."

"Nitamwambia, baba."

Mzee Eliamini alimgeukia binti yake. Sauti ilimshuka, ikawa ya nyumbani, ingawa watu wote walikuwa wanasikia.

"Siku ile nilimwuliza anakosali. Nikamwuliza kazi yake. Nikamwuliza anachora nini. Wewe sikukuuliza kitu. Sasa nakuuliza, na mama yako asikujibie. Unamtaka huyu?"

Elisifa alihisi macho ya usharika wote mgongoni. Hakutazama miguu yake. Alimtazama Filemon, ambaye alikuwa amemwambia kuwa anamtaka jioni nyingi sana kilimani, na kila mara yeye akainama, akakata majani, akacheka badala ya kujibu.

"Namtaka, baba," alisema, na sauti yake ilifika mpaka barabarani. "Nampenda."